Bunduki Chini ya Juti

Julai 3, 1971. Mvua tangu asubuhi.

Mwalimu Shahera alitufundisha kwamba shajara huanza na tarehe, kisha hali ya hewa, kisha ukweli. Ukweli ukiwa mrefu uandike mrefu, alisema, ukiwa mfupi usiuvute. Yeye sasa amevuka mpaka pamoja na wakimbizi, na shule yetu ya wasichana ya Boroikandi imekuwa kambi ya askari wa serikali, wasiojua lugha yetu. Madawati ya darasa la tisa yamekuwa kuni za kuchemshia chai. Ndilo lilikuwa darasa langu.

Nyumbani tuko watatu: Baba, Bibi mzaa Baba, na mimi Jobeda. Mama alifariki nikiwa mdogo. Wa nne ni kaka yangu Mofiz, miaka kumi na tisa, aliyeondoka Mei kwenda kujifunza vita ng'ambo ya mpaka. Juzi amerudi na kundi la Kamanda Lutfor. Wako watu kumi na wanane, wamejificha ndani ya mashamba ya juti upande wa pili wa kinamasi. Juti, mmea wetu wa nyuzi za magunia, imepanda mara mbili ya kimo cha mtu. Ukipita na mtumbwi huoni kitu ila kijani. Lakini mimi najua, na nikipita moyo hunijaa.

Julai 6. Mvua.

Hakuna jipya.

Julai 10. Mvua asubuhi, jua kali mchana.

Mofiz alikuja na kapu la samaki kichwani, kama mvuvi. Alikula kiporo cha wali kwa pilipili na kitunguu, sahani mbili, akiwa amechuchumaa karibu na mlango wa nyuma.

"Bunduki tunazo sita," aliniambia. "Watu watatu kwa bunduki moja, kwa zamu. Kamanda alitusimamisha majini mpaka kifuani, kila mtu akaapa ameigusa ya kwake. Unarudi na bunduki yako, au hurudi."

"Na ikianguka?"

"Haianguki."

"Mimba huanguka, sembuse chuma," Bibi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye dengu alizokuwa akichagua.

Mofiz alicheka. "Bibi, ungekuwa kijana ningekupa zamu ya kwanza."

"Ningekuwa kijana ningekwisha kukimbia, mume wangu. Maliza wali."

Baba hakucheka. Alikuwa amesimama penye upenyo wa ukuta akichungulia njia, na kila jani lilipotikisika alimpungia Mofiz mkono aondoke. Kijana wake anakwenda kuikomboa nchi, yeye anaogopa majani.

Nimeandika maneno ya kiapo kwenye ukurasa wa nyuma: Unarudi na bunduki yako, au hurudi. Sijapata kusikia sentensi nzuri kuliko hiyo.

Julai 15. Mawingu mazito, hakuna mvua.

Leo ilikuwa siku ya soko. Askari walikuja na migambo wao, ambao ni vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki na jeshi. Mmoja ni Kuddus wa nyumba ya pili, aliyekuwa akituibia mapera. Sasa ana viatu vya mpira na anatembea katikati ya njia.

Waliwapanga wanaume wote mstari mmoja. Nitai mfinyanzi na mwanawe walivutwa kando kwa sababu ni Wahindu. Walipigwa risasi palepale juu ya vyungu vyao. Vyungu vilivunjika kwanza, kisha watu. Mwana alichukua muda kufa. Alikuwa anajaribu kuokota kigae, anakiacha, anakiokota tena.

Wengine waliamriwa wafungue shuka waonyeshe kama ni Waislamu. Niligeuza uso ilipofika zamu ya Baba. Kisha wakamwambia apige kelele ya kuitakia serikali yao maisha marefu, naye alipiga, kwa nguvu, mara mbili, ingawa walitaka moja. Alikuwa anatabasamu. Kuddus alimpigapiga bega: "Umeona, mjomba? Kumbe una sauti."

Njiani Baba alijaribu kunishika mkono. Nilijifanya nafunga ushungi.

Julai 22. Mvua usiku na mchana.

Amri imetoka kambini: juti yote iliyo karibu na reli ikatwe, hata kama haijakomaa, ili adui asipate maficho. Wakulima wengine wamekawia makusudi. Baba alikata siku ileile. Mimi na Bibi tulifunga miganda mpaka viganja vikachubuka.

Leo tumetengeneza chelezo. Tulipanga miganda majini, safu juu ya safu, tukaikandamiza kwa magogo ya migomba na udongo ili izame, kisha Baba akachomeka mianzi minne pembeni ili mto usiichukue. Hapo itakaa siku kumi na nane, ganda lioze, nyuzi zitoke. Tumeizamisha kwenye kona ya mto Dhulkhali, mahali penye kina cha kiuno, mkabala na daraja la reli. Nilipumzika ukingoni nikahesabu nguzo za daraja. Zilionekana tatu, mbili zikiwa zimefichwa na kichaka cha mianzi. Juu ya daraja mlinzi alikuwa anakula muwa.

Julai 25. Mvua.

Bibi ana homa. Nimemkanda.

Julai 29. Ukungu, baadaye mvua kubwa.

Alfajiri, kabla ya adhana, bunduki rashasha ililia darajani. Baba aliruka kutoka kitandani akatulalia mimi na Bibi, na meno yake yalikuwa yakigongana karibu na sikio langu. Niliwaza: kaka yangu amesimama kule kwenye moto, na huyu amelala juu ya wanawake.

Adhuhuri tuliitwa wote tukapite darajani kutambua maiti. Watu watatu walikuwa wamening'inizwa kwa miguu kwenye ukingo wa reli, vichwa chini, na damu ikitona mtoni. Mmoja hakuwa na uso. Nilitazama miguu tu. Mofiz alikatwa na mundu utotoni, kidole chake kidogo hakina ncha. Hakuwemo.

Nilifurahi. Kisha nikamwona mama mmoja kwenye mstari akishika kisigino cha yule asiye na uso, akakiachia upesi, akasema kwa sauti kavu, "Simjui." Furaha ikanikauka.

Julai 30. Mafuriko. Maji yameingia uani.

Mofiz yuko hapa. Bibi alimkuta kwenye zizi la mbuzi asubuhi, amejifunika makapi, mwili mzima umejaa ruba. Baba aliwatoa mmoja mmoja kwa chumvi. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Bunduki iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto aliyekufa.

Alisimulia hivi. Walipofika kwa mtumbwi karibu na daraja taa kubwa iliwashwa ghafla. Haru, mwenzake wa zamu, alikuwa bega kwa bega naye. Rashasha ilimkata Haru kichwa kuanzia juu ya masikio, na vilivyokuwemo vikamwingia Mofiz mdomoni. Hakumbuki kuruka. Anakumbuka maji, na chelezo letu, na kwamba alishika miganda kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo uliiachia," nilisema.

"Nilihitaji mikono, Jobeda. Ilizama hapo hapo, kwenye kichwa cha chelezo, upande wa daraja. Nikakaa chini ya gugumaji mchana kutwa, mpaka giza likaingia. Nilikimbia. Andika hivyo kwenye daftari lako."

Nimeandika. Naandika na hili pia, kwa kuwa Mwalimu alisema ukweli: nilitamani angekuwa mmoja wa wale watatu, ili niweze kumlilia.

Agosti 1. Jumapili. Manyunyu.

Fundi wa miavuli alipita kijijini, akaketi barazani kwetu akashona mwavuli wa Bibi vizuri kabisa. Alikuwa Kamanda Lutfor. Zamani alikuwa sajini, ana mikono midogo na sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Mzee Torab," alimwambia Baba, "najua yumo ndani. Sikuja kumchukua. Nimekuja kukwambia siku. Ijumaa, baada ya swala, aje kwangu na bunduki au aje bila bunduki. Akija bila, nitampiga risasi mbele ya wenzake. Asipokuja nitamtafuta."

Baba aliketi chini. "Kamanda, ni mtoto."

"Wote ni watoto. Nina watoto kumi na wanne na bunduki tano. Nikimsamehe anayetupa bunduki, wiki ijayo nitakuwa na watoto kumi na wanne wenye fimbo. Mimi simchukii mwanao, mzee. Siku ya kiapo yeye ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote."

Niliona kwamba alikuwa na haki.

"Iko kwenye chelezo langu," Baba alisema.

"Mbele ya pua ya mlinzi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitamenya juti."

Bibi alipaza sauti kutoka ndani. "Torab, ile ina siku kumi tu. Haijaoza. Hata mtoto akiona atacheka."

"Na wacheke," Baba alisema. Kikombe mkononi mwake kilikuwa kinagonga kisahani, akakiweka chini, mkono ukaendelea.

Agosti 2. Jumatatu. Jua na mvua kwa zamu.

Tuliingia majini asubuhi, mimi na Baba. Mofiz hawezi kuonekana. Kazi ya kumenya ni hii: unasimama ndani ya maji, unavunja mashina kwa chini, unashika nyuzi, unazivuta, kijiti kinatoka cheupe. Miguu haina kazi. Kwa hiyo miguu ndiyo ilitafuta. Baba aliniambia nipapase kwa vidole, hatua ya kiganja kimoja kila mara, kama anayetafuta kipini cha pua.

Juti haikutaka kutoka. Iling'ang'ania kijiti, ikakatika na maganda. Kila mganda ulikuwa hasara.

Kuddus aliegemea ukingo wa daraja. "Mjomba Torab. Juti yako imeoza lini? Juzi ilikuwa bado inasalimia watu."

"Maji yanapanda, baba," Baba alimjibu. "Yakiichukua yote nitakula nini? Bora nusu mbichi kuliko hakuna."

"Nusu mbichi hiyo utamuuzia nani, kipofu?"

"Hata kipofu ananunua kamba."

Kuddus alicheka, na askari wa pembeni yake aliuliza kinachochekesha. Halafu yule askari akapiga risasi tatu majini kutuzunguka, kwa mchezo. Maji yalirukia usoni mwangu. Baba alikuwa anatetemeka kiasi kwamba viwimbi vilitoka mwilini mwake vikanifikia mimi. Aliinamisha kichwa, akavuta uzi mwingine.

Hatukupata kitu.

Agosti 3. Jumanne. Mvua.

Hatukupata kitu. Kipande cha mtungi, mfupa wa ng'ombe, kiatu. Alasiri waliwaleta watu watano darajani wamefungwa macho, wakawapiga risasi wakawasukuma chini. Mkondo uliwaleta kwetu. Mmoja alijigonga kwenye chelezo, akazunguka, akalala kifudifudi kando ya Baba kana kwamba anataka kumwambia jambo la siri. Baba alimsogeza kwa kiwiko, taratibu, akisoma dua midomo imefunga. Miguu yake haikuacha kutafuta. Nilijua kwa sababu mabega yake yaliendelea kwenda kiganja kimoja kimoja.

Nilitapika majini. "Jifute," alinong'ona. "Vuta uzi."

Jioni alishindwa kushika tonge. Bibi alimlisha.

Agosti 4. Jumatano. Mvua, maji yamepanda tena.

Leo nimegundua kosa.

Mchana nilipumzika juu ya tuta nikahesabu nguzo za daraja, bila kuwaza. Zilikuwa tano. Nikahesabu tena. Tulipozamisha chelezo kichaka kilificha mbili. Kichaka hakitembei.

Nilikwenda zizini mbio. "Kaka, siku ile mlitumia pondo gani?"

"Letu lilivunjika njiani," Mofiz alisema. "Tukachomoa mianzi miwili pale kwenye chelezo."

Baba alikuwa ameona mianzi imepungua, akafikiri migambo wameiiba kwa kuni, akachomeka mingine. Hakujua kwamba katikati ya mafuriko ile miwili iliyobaki iling'oka, chelezo likateremka nayo mpaka likakwama kwenye visiki vya mitende. Kingo zote zimezama, na sisi hapa wakati wa maji hutaja mahali kwa chelezo: kwa chelezo la Torab, kwa chelezo la Mollah. Kamwe hatufikiri kwamba lenyewe linaweza kuhama. Siku tatu tumepapasa mahali ambapo bunduki haikuwahi kuwapo.

Iko juu zaidi. Hatua arobaini karibu zaidi na daraja.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda nyuma ya nyumba, nikasikia anaharisha kwa hofu. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Kesho tutalivuta," alisema. "Umehesabu vizuri, mwanangu."

Agosti 5. Alhamisi. Mvua nyembamba.

Naandika polepole ili nisikosee.

Tulilikokota chelezo dhidi ya mkondo, mimi mbele na kamba, Baba nyuma kwa bega. Kuddus alituona. "Wapi tena, mjomba? Unahamia?"

"Maji ya huku yanakimbia, baba. Nyuzi huoshwa zikawa nyeupe."

"Nyuzi zako hata ukiziosha kwa maziwa. Nani amekuruhusu kusogea?"

Askari mwenye bunduki aliuliza kitu kwa lugha yao, Kuddus akamjibu, wakacheka. Kisha Kuddus akasema, "Haya, adhabu ya shule. Shika masikio. Chuchumaa, simama, mara thelathini. Mimi nahesabu."

Baba alikuwa amesimama kwenye maji ya shingo. Akichuchumaa anazama. Alishika masikio yake, mkono wa kulia sikio la kushoto, kama mtoto wa darasa la pili, akazama.

"Moja," Kuddus alisema.

Ningeona aibu wiki mbili zilizopita. Lakini nilimtazama anavyotoka, na kila alipotoka alikuwa amesogea kidogo. Kiganja kimoja. Anazama, anaibuka, amesogea. Chini kule mikono yake haikuwa masikioni. Kuddus alihesabu kwa furaha, na askari naye akajifunza namba zetu akahesabu pamoja naye. Baba alikuwa anapapasa matope kwa mikono miwili mbele ya macho ya jeshi.

Ya kumi na saba alikawia. "Mjomba, usife kabla ya thelathini," Kuddus alisema. Baba aliibuka. Kulikuwa na tope kwenye nyusi. Alinitazama mara moja tu, akaendelea mpaka thelathini. Hakupunguza hata moja.

Walipochoka kututazama aliivuta bunduki kwa mguu hadi ubavuni mwa chelezo. Tuliifunga katikati ya mganda wa mashina, nyuzi mbichi zikaizungusha. Aliniinulia kichwani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani kitu cha kiapo kingekuwa.

"Nenda na tuta. Usikimbie. Usigeuke."

Nilikuwa nimekwenda hatua labda thelathini. Nikasikia mlio mmoja, na sauti ya Baba ikatoka kana kwamba mtu amemkanyaga. Nilisimama. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayosemea shambani, "Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Nilitangulia. Sikugeuka. Hatua mia nne na kumi mpaka nyumbani, nilizihesabu zote kwa sababu ningeacha kuhesabu ningegeuka.

Aliyemleta Baba ni Kuddus. Alimbeba mgongoni mpaka mwisho wa njia yetu, akamlaza chini ya mpera, na viatu vyake vya mpira vilikuwa vimejaa damu. "Yule askari alikuwa anajaribu shabaha," alimwambia Bibi. "Sikumwambia apige. Mimi nilikuwa nahesabu tu." Bibi alimtemea mate. Akaondoka mbio.

Risasi imeingia nyuma ya nyonga. Haijatoka.

Agosti 6. Ijumaa. Mvua.

Mofiz alikwenda na bunduki kabla ya swala. Kamanda Lutfor aliifungua, akaifuta, akamrudishia mbele ya wote. Yu hai.

Agosti 8. Jua.

Baba amefariki saa nne asubuhi. Tumbo lilikuwa limevimba. Hakukuwa na daktari wa kumpelekea asiyeuliza maswali. Kabla ya hapo aliniomba msamaha kwa juti, kwamba imeharibika yote na ada ya shule ya mwaka huu haitapatikana.

Nilimwambia shule imefungwa. Akasema, "Itafunguliwa."

Agosti 10. Mvua.

Kamanda alikuja kutoa pole, safari hii bila miavuli. Anataka kuwasimulia vijana habari za Baba, akaniuliza alikuwaje ndani ya maji.

"Alikuwa anatetemeka," nilimwambia. "Siku zote nne. Meno, mikono, mpaka maji. Aliharisha. Aliogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na kila asubuhi alirudi."

Alifikiri kidogo. "Nitawaambia alirudi. Hilo la kutetemeka tuliache. Mtu alikufa kama askari."

"Mwanangu hakuwa askari," Bibi alisema. "Usimvike nguo za watu."

Nimechana ule ukurasa wa nyuma wenye kiapo. Nilidhani jasiri ni yule asiyeogopa, na nilimdharau Baba mwaka mzima kwa kipimo hicho. Sikumwomba radhi. Aliomba yeye.

Agosti 17. Mvua.

Hakuna habari za Mofiz.

Agosti 26. Mvua.

Hakuna habari. Tumeuza mbuzi.

Septemba 12. Mawingu, joto.

Jana asubuhi daraja lilianguka. Mofiz ndiye aliyeogelea na baruti mpaka kwenye nguzo ya tatu, akarudi, bunduki mgongoni. Nguzo mbili zimelala mtoni na behewa moja limesimama wima kama mtu anayeoga. Askari wameondoka Boroikandi wakiacha shule na maiti zao tisa. Akina mama walikwenda kuzitazama. Mmoja alipiga uso wa maiti kwa ndala mpaka ndala ikakatika.

Leo saa nane mchana walimleta Kuddus uani kwetu. Walimkuta kwenye ghala la chumvi. Mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya juti, jino limetoka, sikio moja linaning'inia. Kijiji kizima kilisimama nje ya ua.

"Binti," Kamanda aliniambia, "ni huyu aliyemuua baba yako?"

Kuddus hakunitazama. Nilijua kwamba neno moja lingetosha, na kwamba hakuna ambaye angenilaumu.

"Alihesabu," nilisema. "Alicheka. Aliyepiga ni askari. Yeye ndiye aliyemleta nyumbani."

Sauti zilipanda. "Mgambo ni mgambo," mtu alisema. Kamanda aliinua mkono, wakatulia. "Kweli, mgambo ni mgambo. Alimuua Nitai, alimuua Haru, kwa mkono wake au wa mwenzake. Mofiz. Bunduki hii imelipiwa na baba yako. Haki hii ni yako."

Mofiz alisogea mbele. Alielekeza bunduki. Kuddus alianza kusema, "Mofiz, ndugu yangu, tulisoma pamoja," akashindwa kumaliza, na shuka yake ikalowa. Kaka yangu alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akaishusha.

"Amefungwa mikono," alisema. "Siwezi."

"Hiyo ni amri," Kamanda alisema.

"Nimesikia."

"Umekimbia tena, basi."

"Sikukimbia, Kamanda. Nimesimama hapa. Nipige na mimi ukitaka, lakini huyu simpigi."

Nilimshika Bibi, au Bibi alinishika mimi. Vijana kumi na wanne walikuwa wanamtazama Kamanda, na Kamanda alikuwa anawatazama wao, na ilionekana anapiga hesabu ileile aliyopiga barazani kwetu. Akanyoosha mkono. Mofiz akampa bunduki. Walimpeleka Kuddus nyuma ya migomba, na Kamanda alikwenda mwenyewe.

Mlio ulikuwa mmoja. Kamanda alirudi, akampa bunduki kijana mwingine. Hakumtazama Mofiz, wala hakumgusa.

Septemba 13. Mvua imekatika.

Wameondoka kwa mitumbwi kwenda kusini. Mofiz yumo. Amebeba sanduku la risasi za wenzake, hana bunduki. Hakuna aliyekaa karibu naye. Bibi alimpa bisi za mchele na sukari guru. "Ukirudi na mikono yako miwili inanitosha, mume wangu," alimwambia.

Kuddus bado amelala nyuma ya migomba. Mama yake amekwenda nyumba hadi nyumba tangu jana kuomba wachimba kaburi. Wanaume wote wana shughuli, au mgongo unauma, au hawapo. Wanaogopa kuonekana. Kwetu wanawake hawachimbi kaburi, hata makaburini hawaendi. Mchana nilimwona anapita na mwiko wa kupikia mkononi, peke yake, watu wamefunga milango.

Nimechukua jembe la Baba. Natetemeka hata mwandiko huu haueleweki vizuri. Nakwenda kumsaidia kabla hakujachwa.